Eti niuze mbwa! Huyu fundi wa nyasi akija kwenu mfungieni geti

Nimetoka kumfungia geti sasa hivi na mikono bado inatetemeka, kwa hivyo mnivumilie. Simtaji jina, wote mnamjua. Ni yule wa pikapu isiyo na turubai, mwenye vitalu kando ya barabara, anayekuita "mamangu" kabla hujalipa na "madam" ukishalipa.

Leo amekuja kuangalia kazi yake, baada ya mimi kumpigia mpaka simu ikaomba likizo. Nikamkaribisha, nikampa chai, kwa sababu nililelewa. Akasimama katikati ya uwanja, kikombe changu mkononi, nyasi zinalia chwa-chwa chini ya viatu vyake kwa ukavu. Akapiga funda. Akasema: "Madam, nyasi ziko sawa. Shida ni mbwa. Uza mbwa."

Uza mbwa! Na chai yangu hajaimeza!

Jamani, huu ni Februari na hapa ni Embakasi, Nairobi. Uwanja wangu hauna hata mti mmoja. Jamaa alileta mabamba ya nyasi saa sita mchana, yameng'olewa jana yake, yamerundikwa kwenye pikapu bila hata gunia bichi la kuyafunika. Nyasi za mabamba zinatakiwa zitandikwe siku hiyo hiyo zilipokatwa, udongo wa chini uwe umelowa, na zimwagiliwe papo hapo mpaka maji yapite mizizi. Yeye alitandika juu ya ukavu, akajifuta jasho, akaomba alipwe baki kwa simu.

Na aliyatandika juu ya nini? Leo nimeinua bamba moja likaja zima zima, hakuna mzizi hata mmoja ulioshika chini. Nikakuta kipande cha tofali, saruji iliyoganda, na soksi ya mjengo. Soksi! Udongo wetu mnaujua, ni ule mweusi unaopasuka kiangazi mpaka unapoteza funguo humo, na masika unakuvua kiatu. Ndiyo maana nililipia lori la udongo mwekundu na samadi iliyooza vitangulie chini. Nimelipia lori zima, nimepewa soksi.

Halafu eti mbwa. Najua mkojo wa mbwa unaunguza nyasi, una naitrojeni na chumvi nyingi. Lakini unaacha duara! Duara la njano kubwa kama sahani, na ukingoni nyasi zinazidi hata kuwa kijani. Ukiwahi kumwaga maji ya kutosha hapo, nyasi haziungui. Mimi sina duara, mimi nina maiti kutoka geti mpaka kamba ya nguo. Na zilianza kufa kwenye maungio ya mabamba, mstari ulionyooka, bamba baada ya bamba. Mbwa gani anakojoa kwa rula?

Tena siku ya kwanza kabisa nilimwambia: nina mbwa wawili, wanakimbia, wanachimba, na jua ni la kutwa. Nipe nyasi za kikuyu, asili yake ni nyanda zetu za juu, zinapenda jua, zikichimbwa zinatambaa na kujifunika. Akaniletea pemba, za majani mapana, zinazosifiwa kwa kuvumilia kivuli. Kivuli kipi?

Na mbwa walifungwa! Pendo alikaa kwenye kamba nyuma ya nyumba muda wote alioniambia, analia usiku mpaka jirani akaja na khanga begani kuuliza kama kuna msiba. Mbwa ametumikia kifungo kwa ajili ya nyasi za huyo mtu, halafu mtu huyo huyo anasimama na chai yangu anasema AUZWE.

Pesa zangu nazitaka. Na kikombe changu arudishe, ameondoka nacho.

Kifaru wa Kasarani: Wa "mamangu"! Huyo huyo! Kwangu alisema shida ni watoto wanacheza mpira. Bahati sikumpa chai, angesema niwauze.

Mzee wa Shamba: Pole dada, lakini nani anatandika nyasi Februari? Nyasi ni za masika. Ungengoja Machi iishe.

Mwenye uzi: Februari aliichagua yeye, mzee wangu. Fundi ni yeye, mimi ni mteja. Na hata kama ni Februari, ndiyo niuze mbwa?

Pita Njia: Weka kabro, yale matofali ya saruji ya uwanjani, maisha yaendelee.

Mama Kuku Ruai: Kabro na mbwa? Saa nane mchana nyayo zinaungua. Na msimwambie zile nyasi za plastiki pia. Landilodi wetu aliweka, jua likipiga hukanyagi pekupeku, na mkojo unakaa pale pale unanuka mpaka sebuleni. Nikilalamika anapandisha kodi.

Dobi Mstaafu: Mimi naona jamaa hakukosea. Hao mbwa wanaolia usiku tungewachangia wauzwe. Mtaa wetu hatulali.

Mwenye uzi: Huu uzi ni wa NYASI.

Jembe na Reki: Dada, usitupe zote bado. Chana shina karibu na mzizi. Likiwa jeupe na gumu, liko hai. Mabamba yaliyo hai yainue, toa mawe, weka udongo, rudisha jioni, mwagilia mpaka chini kulowe. Mbwa wasikanyage mpaka ukivuta bamba likatae kung'oka.

Kifaru wa Kasarani: Amwagilie na nini? Maji ya mfereji kwetu ni ya zamu, na zamu yenyewe ni usiku wa manane.

Mama Kuku Ruai: Na usithubutu kununua ya boza, lile lori la maji. Yule jamaa aliniapia ni maji matamu, kumbe ni ya kisima, yana chumvi mpaka sufuria inabaki nyeupe. Sukumawiki yangu yote ilikauka ncha.

Dobi Mstaafu: Nyanya zangu pia! Ni yule anayepiga honi saa kumi na moja alfajiri?

Mama Kuku Ruai: Huyo. Na anakuhesabia lita elfu kumi, tanki halijafika nusu.

Mwenye uzi: Jamani, kikombe changu?

Pita Njia: Huyo wa boza aliwahi kumwambia mke wangu tanki letu lina tundu. Tanki jipya!

Dobi Mstaafu: Afunguliwe uzi wake leo leo.

Mama Kuku Ruai: Nimeshafungua, njooni huku.