Binti yangu wa kidato cha tatu na daftari lake la insha: nimzuie mpaka amalize mtihani wa taifa?

Baba wa Rangi Tatu
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa walimu na wazazi wenye watoto sekondari.

Nina binti kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Dar. Tangu shule ya msingi ni mtu wa kuandika. Kidato cha kwanza na cha pili Kiswahili alikuwa anabeba A, na insha zake zilikuwa insha kweli: utangulizi una methali, aya zimejipanga, hitimisho linarudi kwenye swali. Mwaka huu kaja mwalimu mpya, kijana, akawapa kila mmoja daftari la pembeni. Insha ikishasahihishwa, mwanafunzi anainakili humo, kisha anaandika ukurasa wa kujitazama: nini kilimshinda, sentensi gani anaionea fahari, nini angefuta. Wanaliita daftari la tafakuri. Mzazi anasaini chini.

Tangu hapo mtoto kabadilika. Methali kaziacha. Insha inaanzia katikati na inaishia popote. Mtihani wa muhula ulisahihishwa na mwalimu mwingine, kapata C. Usiku badala ya kufanya Hesabu yuko na daftari. Mwakani Novemba ana mtihani wa taifa.

Nataka nilizuie mpaka amalize kidato cha nne. Mama yake anasema nimwache. Nyie mnaonaje? Matusi tafadhali hapana.

Kinyozi wa Sinza
Mkuu, watoto wa wenzako wanaandikia bodaboda meseji, wako anaandika insha halafu unalalamika? Nipe huyo nikupe wangu wawili na chenji juu.

Mama Shujaa Dodoma
Baba, zuia. Tuliolelewa zamani tulizuiwa na leo tuna heshima zetu. Wangu wa kwanza alikuja na habari za kuimba, nikamwambia cheti kwanza. Sasa hivi ni muuguzi, ana nyumba, na kwaya ya kanisani anaimba vilevile. Watoto wa siku hizi tunawauliza maoni mno. Mungu atatuuliza tulivyowalea.

Ticha wa Njombe
Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Tutenganishe mambo. Mtihani wa kidato cha nne una utungaji, halafu una fasihi. Kwenye fasihi anatakiwa atoe hoja tatu kutoka kila kitabu, kila hoja na mfano wake, na msahihishaji ana mwongozo mkononi, hana muda wa kushangaa. Huo ni ufundi unaofundishika, na binti yako alikuwa nao tayari. Mtoto aliyefika mahali pa kujiuliza angefuta nini amepita hatua ambayo wanafunzi wengi ninaowafundisha hawaifikii mpaka wanaondoka. Anaweza kuwa na vyote viwili akielezwa kwamba hapa anamwandikia msahihishaji na pale anamwandikia msomaji.

Hiyo C ilikatwa wapi? Muundo, tahajia, au kutoka nje ya mada? Na insha iliyokufanya uanzishe uzi ilihusu nini? C peke yake haimpandishi mzazi jukwaani saa tano usiku.

Mtu wa Nakuru
Salamu kutoka Kenya. Enzi zetu za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, insha ilikuwa alama 40, na mwalimu alitukaririsha aya nzima ya jogoo kuwika na jua kuchomoza. Mada ikiwa ajali, jogoo anawika. Mada ikiwa harusi, jogoo anawika. Kufika KCSE, ule wa kumaliza sekondari, karatasi ya kwanza ni insha tupu, moja ya lazima na nyingine ya kuchagua, alama 20 kila moja. Nikachagua ya mdokezo, ile unayopewa sentensi ya mwisho ndipo utafute kisa chake, na jogoo wangu akakosa pa kuingilia. Niliketi pale nikagundua sijawahi kuandika kitu changu hata siku moja. Mwache msichana aandike, ndugu yangu.

Baba wa Rangi Tatu
Nashukuru wote. Ticha, alikatwa kwenye muundo. Insha ya mwisho ilikuwa ya kawaida tu, walikwenda ziara Makumbusho ya Taifa wakaambiwa waandike walichokiona. Swali langu ni la mtihani, tusitoke nje.

Dada Mhasibu
Mpeleke mashindano ya insha! Kuna ya SADC na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni ya wanafunzi wa sekondari, na zawadi zipo.

Ticha wa Njombe
Dada, yale mada inatolewa na waandaaji, huingii na insha yako ya nyumbani. Ni mazuri, ila si ya hili.

Baba, umesema “ya kawaida tu” halafu ukakimbia. Makumbusho kaandika nini?

Kinyozi wa Sinza
Hata mimi nimeona. Mteja akiniambia “punguza kidogo tu” huku kashika kichwa kwa mikono miwili, najua kuna upara anauficha.

Baba wa Rangi Tatu
Sawa. Hamnijui, siwajui.

Mimi ni karani wa mizigo. Nilikuwa. Kampuni ilipunguza watu mwanzoni mwa mwaka na mimi nikawemo. Nyumbani sijasema. Kila asubuhi navaa sare, nabeba chakula, napanda daladala mpaka Posta. Asubuhi nazunguka maofisini na barua, mchana nakaa bustani ya mimea, jioni narudi na wenzangu wa kazini, yaani na foleni. Akiba ya mafao ndiyo inayotulisha na kulipa ada.

Bustani ile iko jirani na makumbusho. Nanukuu insha yake:

“Wenzangu wataandika kuhusu fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Na mimi nililiona. Lakini tulipotoka kusubiri basi nilimwona mtu kwenye benchi, amevaa sare ya kazi, saa tano asubuhi, mfuko wa chakula magotini. Hakuwa anamsubiri mtu, kwa sababu anayesubiri huangalia barabara. Nilimjua kwa mikono ya shati. Ameikunja mara moja tu, maana mkunjo wa pili unaharibu pasi. Pasi ile niliipiga mimi. Nikahamia upande wa pili wa mstari, ili akiinua macho asilazimike kusimama na kutembea kama mwenye haraka.”

Jina langu hakulitaja. Mwalimu kampa alama za juu na anataka aisome mbele ya watu siku ya wazazi.

Daftari nililichukua kwenye begi lake juzi, ndipo nikaisoma, na sasa ninalo mimi. Na mwalimu nimempigia nikamwambia binti hatasoma chochote, akazanie mtihani. Sioni kosa hapo. Mzazi ana haki ya kulinda nyumba yake. Nikipata kazi nitasema mwenyewe, kwa utaratibu wangu.

Mama Shujaa Dodoma
Kumbe! Baba, kumficha mkeo ni dhambi. Sisi wanawake tunavumilia njaa, uongo hapana. Marehemu mume wangu aliwahi kuuza kiwanja bila kuniambia, niliambiwa na jirani nikiwa dukani nanunua chumvi. Sikulilia kiwanja.

Msomali wa Kibaha
Wakuu, mnazungumza insha wakati mtu hana kazi. Karani wa mizigo, unajua kutumia kompyuta? Jirani na ofisini kwetu kuna ghala wanatafuta karani wa kupokea na kutoa mzigo. Mshahara si wa Posta, lakini upo. Njoo inboksi.

Bi Mkubwa wa Tanga
Mwanangu, umri wangu unaniruhusu nikuite hivyo. Shaaban Robert, mtu wa Vibambani kwetu, amezaliwa 1909. Alianza ukarani wa forodha 1926, karani kama wewe. Aliandika maisha yake mwenyewe, na mkewe Amina alipofariki akamtungia shairi ambalo mpaka leo watu wanalisoma na kulia. Kwa binti yake akatunga utenzi mzima wa kumwusia, Utenzi wa Hati. Mambo ya ndani ya nyumba yake ndiyo hayo tunayofundishia watoto. Na makumbusho hiyo iko mtaa gani? Mtaa wa Shaaban Robert.

Huyo mtoto hakukuvua nguo. Soma tena pale alipohamia upande wa pili wa mstari. Alikuona, akakusitiri, ndipo akaandika. Aliyefundishwa adabu ndiye anayeandika hivyo, na bila shaka kaifundishwa kwako.

Mpelelezi Huru
Samahani kwa kukatisha vilio. Hii ni chai, na sukari imezidi.

Mosi, mtoto wa kidato cha tatu haandiki “Pasi ile niliipiga mimi”. Hiyo ni sentensi ya mtu mzima anayejua anachokifanya. Pili, mleta mada mwenyewe anaandika kwa mpangilio uleule: sentensi fupi, anaficha, anafichua. “Narudi na wenzangu wa kazini, yaani na foleni.” Karani wa mizigo huyo? Uzi huu umeandikwa na mtu mmoja. Ama ni mtunzi anajaribia hadithi yake kwetu, ama ni binti mwenyewe kavaa ubaba. Ningekuwa yeye, ndivyo ningefanya zoezi la tafakuri.

Kinyozi wa Sinza
Duh. Nimeacha kichwa cha mteja nusu nasoma huu uzi, kumbe nasomeshwa na mtoto wa shule?

Dada Mhasibu
Mimi naanza kuamini ni binti. Kama ni wewe, mdogo wangu, lala, kesho shule.

Mtu wa Nakuru
Hata kama ni binti, bado swali ni zuri. Mimi sina neno.

Baba wa Rangi Tatu
Mpelelezi, miaka yote nimeandika ripoti za mzigo uliopotea. Ripoti ndefu bosi hasomi, ndiyo maana naandika kifupi. Mtoto alikuwa anakaa mezani kwangu tangu mdogo akisoma zile ripoti. Kama tunafanana kuandika, atafanana na nani mwingine?

Na kama mnataka ushahidi, huu hapa ukurasa wake wa tafakuri, chini ya insha hiyohiyo:

“Kilichonishinda: kumaliza. Nilikuwa nimeweka ‘mvumilivu hula mbivu’, nikaifuta kwa sababu sijui kama kwake ni kweli. Ninayoionea fahari: ile ya pasi. Ningefuta: neno ‘maskini’ aya ya pili, linamwamrisha msomaji ajisikie vipi. Kidato cha kwanza nilikuwa nachagua methali kwanza, halafu natafuta kisa cha kuifuata. Nilipata A nyingi kwa watu ambao hawakuwepo.”

Hiyo ya mwisho ndiyo inayoninyima usingizi, kuliko hata ya benchi. Zile A mimi ndiye nilizibandika ukutani.

Mpelelezi Huru
“A nyingi kwa watu ambao hawakuwepo.” Unazidi kunithibitishia, mkuu. Kalamu moja.

Ticha wa Njombe
Mpelelezi, nimesahihisha madaftari ya watoto kwa muda mrefu. Katika darasa la watu sitini huwa anatokea mmoja wa namna hii, na mara nyingi tunamkata alama kwa kukosa hitimisho. Ukitaka kuamini amini, ukitaka kuacha acha.

Baba, chai au si chai, nijibu jambo moja. Umesema mzazi anasaini chini ya kila insha. Hiyo ya benchi wewe hukusaini, maana uliiona baada ya kulichukua daftari. Mwalimu asingeipokea bila sahihi. Nani kasaini?

Kinyozi wa Sinza
Mteja kasema nisimalize kichwa mpaka ajibu.

Dada Mhasibu
Nusu saa sasa. Kakimbia?

Baba wa Rangi Tatu
Nipo.

Sahihi ipo. Ya mama yake. Tarehe ni ya wiki iliyopita. Pembeni kaandika kwa penseli, “Nimesoma. Usimwambie bado, atasema mwenyewe.”

Ndiyo maana alisema nimwache. Nilidhani anamsemea mtoto.

Na wiki hii nzima amekuwa akiniwekea mayai mawili kwenye chakula badala ya moja.

Mama Shujaa Dodoma
Yesu wangu. Nafuta niliyosema kuhusu dhambi. Amka umwamshe mkeo.

Mpelelezi Huru
Penseli. Haya, hiyo penseli imeniyumbisha. Mtunzi angeweka kalamu nyekundu. Nabaki na shaka yangu, lakini sisemi tena.

Bi Mkubwa wa Tanga
Daftari lirudi begini usiku huu, kabla hajaliulizia. Mtoto anayeandika akinyang'anywa daftari huwa haachi kuandika. Anaacha kuonyesha.

Baba wa Rangi Tatu
Nimelirudisha. Kuhusu kusoma mbele ya wazazi bado nakataa, Bi Mkubwa. Wapo majirani zangu pale, yupo mwenye nyumba. Hapo sitikisiki.

Ticha wa Njombe
Hilo usikatae wewe na asilazimishe mwalimu. Muulize mwenye insha. Anaweza kusema hataki, na akisema hivyo mpigie mwalimu umwambie kasema yeye. Kuhusu mtihani, nitakutumia maswali ya utungaji ya miaka iliyopita. Kila Jumamosi afanye moja kwa muundo anaoutaka msahihishaji, na utangulizi na hitimisho lake, kwa saa. Siku nyingine daftari ni lake. Novemba ya mwakani bado mbali.

Mtu wa Nakuru
Ticha, nami nitumie hayo maswali. Nina kijana hapa anaanza na jogoo.

Baba wa Rangi Tatu
Ticha, nashukuru, nayasubiri. Mkuu wa Kibaha, nimekutumia ujumbe, hujafungua. Kompyuta naijua.