Priampu (kikuza sauti ya maiki) ya bei nafuu kwa SM58: ninunue ya pembeni, kikuzaji kidogo cha kwenye waya, au nibadili intafesi?

chumba_kidogo
Wakuu, heshima kwenu. Narekodi sauti ya kusimulia nyumbani, na mara mojamoja gitaa kavu. Maiki ni Shure SM58. Intafesi (kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) ni ya njia mbili, inatumia umeme wa USB, na kijitabu chake kinasema gaini (kiasi cha ukuzaji) ni desibeli 50, EIN (kelele ya priampu yake) ni -125 dBu (desibeli za kupimia volti za sauti). Nikikaa sentimita 30 hivi kutoka kwenye maiki, nazungusha kitufe cha gaini mpaka mwisho na bado wimbi ni dogo. Nikilikuza kwenye programu, ile "shiii" inapanda nalo.

Nimeona njia tatu: priampu ya pembeni yenye valvu, kikuzaji kidogo cha kuweka kati ya maiki na intafesi (aina ya Cloudlifter au FetHead), au intafesi mpya. Uwezo wangu ni wa kitu kimoja tu. Kipi kitaondoa hiyo shiii? Nawasilisha.

mpiga_hesabu
Mkuu, tuanze na namba. SM58 hutoa takriban milivolti 1.88 sauti inapoifikia ikiwa na desibeli 94. Mtu anayeongea kawaida ana kama desibeli 60 kwa umbali wa mita 1, yaani 70 kwa sentimita 30 na 80 kwa sentimita 10. Hapo ulipokaa, maiki inatoa kama -76 dBu. Ukisogea mpaka sentimita 10 inatoa -66 dBu. Desibeli 10 za bure hizo, na ni bora kuliko za priampu: priampu hukuza sauti yako pamoja na kelele za chumba kwa kiasi kilekile, ila ukisogea inayopanda ni sauti yako peke yake.

Tuje kwenye kelele. EIN ni kelele ya priampu ikihesabiwa kana kwamba imeingia na sauti ya maiki, kwa hiyo kadiri namba inavyozidi kuwa hasi ndivyo priampu ilivyo tulivu. Kwa chanzo cha omu 150, maumbile yenyewe yameweka kikomo karibu na -131 dBu, kwa kuwa rezista yoyote hutoa kelele kutokana na joto lake tu. Wewe uko -125. Hata ununue priampu ya bei ya gari, utapata nafuu ya desibeli 6 na si zaidi.

Chumba kilichotulia nacho kina kama desibeli 30 hadi 35. Sauti yako ni 70, chumba 35: tofauti 35. Sauti yako -76 dBu, priampu -125: tofauti 49. Chumba kinakuharibia kabla priampu haijapata nafasi.

bass_mzito
Uza SM58 chukua kondensa (maiki nyetifu inayohitaji umeme wa 48V), habari imeisha. Ila andaa magodoro ukutani, kondensa zinavuta kelele za chumba balaa.

mpiga_hesabu
@bass_mzito nusu umepatia. Rode NT1-A hutoa milivolti 25 pale ambapo SM58 inatoa 1.88, kwa hiyo itahitaji gaini pungufu kwa desibeli 22 hivi, na kelele ya priampu inakuwa si hoja tena. Hilo la "kuvuta chumba" ndilo silikubali. Kwa umbali uleule na mwelekeo uleule wa kupokea, uwiano wa sauti yako na chumba haubadiliki sana. Watu huona kondensa inavuta chumba kwa sababu huiweka mbali na kuikuza kama ya dainamiki (aina ya SM58), na pia kwa sababu inasikia vizuri zaidi masafa ya juu.

lehemu
Msibishane, pimeni. Chukua plagi ya XLR (ile ya maiki yenye pini tatu) dume yenye ganda la chuma, lehemu rezista ya omu 150 kati ya pini 2 na pini 3, funga ganda. Kama una waya wa zamani, kata plagi yake. Halafu:

1. Zima 48V (umeme ambao intafesi hupeleka kwa maiki). Weka gaini pale unaporekodia siku zote.
2. Chomeka maiki, nyamaza, rekodi sekunde 10.
3. Toa maiki, chomeka plagi yenye rezista bila kugusa kitufe cha gaini, rekodi sekunde 10 nyingine.
4. Kwenye programu soma RMS (nguvu ya wastani ya sauti) ya kila kipande, usisome kilele.

Rezista ikisoma chini ya maiki kwa desibeli 10 au zaidi, mkosaji ni chumba. Tofauti ikiwa 3, chumba na priampu vinachangia sawasawa. Zikikaribia kulingana, hapo priampu ndiyo tatizo na kununua kuna maana.

Sikiliza pia aina ya kelele. Mlio mwembamba unaobadilika unaposogeza kipanya hutoka kwenye umeme wa USB. Chomoa chaja ya kompyuta urudie; ukitoweka, tatizo ni mzunguko wa ethi, na priampu mpya haitausaidia.

Jambo moja vijitabu havilisemi: EIN hupimwa gaini ikiwa juu kabisa. Ukiishusha katikati, namba huwa mbaya zaidi. Na ukiona herufi "A" pembeni ya kipimo, ujue kimechujwa, kwa hiyo kinapendeza kwa desibeli 2 hivi kuliko kisichochujwa. Usilinganishe vya aina mbili.

waya_mwekundu
Kuhusu valvu: priampu nyingi za bei nafuu zina valvu ya 12AX7 inayolishwa volti chache mno ukilinganisha na mamia iliyotengenezewa. Ukuzaji wenyewe hufanywa na IC (chipu), valvu inaongeza mikwaruzo kidogo tu. Kama unapenda ladha hiyo, sawa, lakini usinunue ukitegemea utulivu.

Ukinunua ya pembeni, iingize kwenye tundu la laini la intafesi (lisilo la maiki) kwa waya wa TRS wa 6.35 mm. Wengi huipeleka kwenye tundu la XLR la maiki, hapo wanakuza juu ya ukuzaji, sauti inapasuka. Na kama 48V imewashwa, umeme huo unarudi kwenye toleo la priampu.

chumba_kidogo
Asanteni. Nimepima kama @lehemu alivyoelekeza, gaini mwisho: maiki -69 dBFS (desibeli chini ya kikomo cha juu cha kurekodi), rezista -83 dBFS. Mlio wa USB haupo.

lehemu
Desibeli 14. Chumba hicho, mkuu. Zima feni na friji iliyo karibu na mlango, kompyuta iweke upande wa mgongo wa maiki maana SM58 husikia kidogo kabisa nyuma yake. Sogea sentimita 10, elekeza maiki kwenye kona ya mdomo ili "p" na "b" zisiipige moja kwa moja. Besi itavimba kwa ukaribu huo, kata chini ya hezi 80 hadi 100. Rekodi kwa biti 24, vilele vikigusa -12 dBFS inatosha. Usihangaike kulijaza wimbi.

mpiga_hesabu
Namba hizo zinakubaliana na hesabu. Kikuzaji cha kwenye waya kingekupa gaini ya desibeli 25 na zaidi, lakini kelele kingeishusha kwa 3 au 4 tu, na kwa chumba hicho usingezisikia. Kinafaa kwa mwenye SM7B (milivolti 1.12) na intafesi ambayo kitufe chake kinaanza kukwaruza kikikaribia mwisho. Anayenunua intafesi kwa ajili ya maiki ya namna hiyo atafute gaini ya desibeli 60 au zaidi, EIN ya -127 au chini zaidi.

chumba_kidogo
Na gitaa? Siwezi kulisogeza sentimita 10.

waya_mwekundu
Hapo ndipo pesa yako iende: kondensa yenye kiwembe chembamba, sentimita 30 kutoka gitaani, ielekee pale shingo inapokutana na mwili, si kwenye tundu. Intafesi uliyonayo inatosha. Ila ukija kununua kikuzaji baadaye usikiunge na kondensa: Cloudlifter CL-1 hula 48V yenyewe na haiipitishi kwa maiki, kondensa itabaki kimya.

bass_mzito
Kiwembe chembamba ndiyo nini?

waya_mwekundu
Kidole kimeteleza, nilimaanisha kiwambo chembamba. Kile kitambaa cha plastiki chenye dhahabu ndani ya maiki, kinachotikiswa na hewa.