Shule mnatuuzia maswali ya hesabu yaliyotungwa na akili mnemba (AI) ambayo hakuna mwalimu aliyeyakokotoa!

Wakuu salaam. Mods naomba msiunganishe huu uzi, nina hasira.

Likizo hii shule anayosoma binti yangu (Kidato cha Tatu) imetuuzia wazazi kifurushi cha maswali ya hesabu, 15,000 kwa kila mtoto, lazima. Karatasi safi, Kiingereza kimenyooka kuliko cha mwalimu mkuu. Ila ukurasa wa nne juu kabisa wamesahau kufuta ile sentensi ya roboti: "Bila shaka! Haya hapa maswali kumi ya jiometri." Hata kusoma kabla ya kuprinti mmeshindwa?

Swali la sita: tafuta eneo la pembetatu yenye pande za sm 5, 7 na 13. Binti kachukua rula na bikari, kachora mstari wa 13, kazungusha 5 huku na 7 kule. Pinde hazikutani, inabaki sentimita nzima katikati. Kaandika kwamba pembetatu hiyo haipo, na sababu kaitoa: 5 + 7 ni 12, haifiki 13. Shule imefunguliwa, daftari limerudi, kapigwa kosa kwa wino mwekundu. Jibu la mwongozo: 17.5. Yaani roboti imechukua nusu ya 5 mara 7 kana kwamba kuna pembe mraba, na mwalimu mwenye cheti chake kaisikiliza roboti akamkosesha mtoto aliyefikiri.

Kuna jingine la seti. Wanafunzi 40, Fizikia 22, Kemia 18, yote mawili 20. Ukitumia kanuni unapata 20 hawasomi lolote, jibu linapendeza kabisa. Sasa niambieni wanaosoma Kemia pekee ni wangapi. 18 kutoa 20, hasi mbili!

Mimi sipingi teknolojia, kazini naitumia kila siku. Lakini hizi programu za aina ya ChatGPT kazi yake ya msingi ni kubashiri neno linalofuata. Zinaweza kukutungia swali zuri na zikakutungia upuuzi, kwa sauti ileile ya kujiamini. Ndiyo maana anatakiwa mtu akae na kalamu, alifanye swali mwanzo hadi mwisho kabla halijafika kwa mtoto. Maswali kumi hayamalizi hata saa mbili. Hiyo 15,000 tulilipia nini, wino?

(Maswali yaliyotumia vipimo vya maili na Fahrenheit nayaacha, maana sijui mtoto wa Mbagala anapima wapi homa kwa Fahrenheit.)

Nilipompigia mwalimu wa taaluma kanijibu, "Mzazi, mfumo ndio umetoa hivyo." Mfumo ndio mnaoulipa mshahara?

Kesho nakwenda na daftari mkononi. Hela kaeni nayo. Nataka alama za binti zirudi, na hilo swali la sita lichorwe ubaoni mbele ya darasa zima.

Wenye vifurushi vya Kidato cha Pili na cha Nne, vikagueni na mtupie picha hapa.