Kahawa ya Kilimanjaro: tukate miti ya kivuli au tuiache?

Wakuu, naomba hili tulijadili kwa uzito maana huku milimani misumeno inalia. Hoja inayozunguka ni kwamba vihamba (mashamba yetu ya Kichaga yanayozunguka nyumba) vina kiza sana, mibuni chotara inataka jua, kwahiyo angusha miti ya asili ya kivuli, angusha mruka, angusha mringaringa, panda kahawa tupu kwa mistari kama kwenye mashamba makubwa, utavuna zaidi. Ukiogopa wanakwambia basi bakiza migrevilea, ile miti ya kigeni, inakua haraka na mbao zake zinauzika.

Mimi napinga. Lakini wenye hoja hii sio waongo, mbuni ukiwa kwenye kiza unarefuka tu kutafuta mwanga, matawi machache, maua machache. Na chotara za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, kweli zinahimili chulebuni (ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa) na kutu ya majani. Ila hayo mashamba makubwa wanayotutolea mfano yana umwagiliaji na mbolea ya kununua kila msimu, wakati mwenye kihamba kidogo Kibosho au Marangu anategemea mvua, samadi ya ng'ombe wawili na zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa asili. Mbuni kwenye jua kali unabeba kupita uwezo wake, ukikosa chakula matawi yanakauka kuanzia nchani, matunda yanaiva kabla ya kujaa, ukiyakoboa ni punje nyepesi, na msimu unaofuata umebaki na vijiti.

Halafu kuna suala la ukanda. Arabika yetu iko kama kati ya mita 1,000 na 1,800, na joto likipanda wa chini ndio wanaumia kwanza, wengine wameshahamia kwenye mahindi na maparachichi. Watu wanasema kahawa itasogea juu, isogee wapi jamani? Juu ni msitu, na mwaka 2005 msitu huo uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa. Utafiti wa 2015 uliotumia takwimu za hapa Tanzania ulionyesha joto la usiku likipanda nyuzi 1 tu arabika inapungua kama kilo 137 kwa hekta. Najua mtu atasema kivuli hakipoozi usiku, sawa, lakini mchana kinapooza na udongo haukauki haraka, na mbuni ambao usiku umeshauchosha ni ukatili kuuongezea jua la saa nane.

Ugomvi wangu mkubwa lakini ni huo wa kubakiza mgrevilea peke yake. Mruka taji lake liko juu kabisa limetandaa kama mwavuli, linachuja mwanga bila kuuziba, vijani vyake vidogo vinaoza haraka na mizizi inaongeza naitrojeni. Mringaringa ukitoa yale maua meupe nyuki wanajaa. Kuna watafiti walifunika mibuni kwa nyavu hapa hapa Kilimanjaro, matokeo yakatoka 2014: ndege na popo wanaokula wadudu wakiruhusiwa kuingia, matunda yanayoshika yanaongezeka kama asilimia 9, na uchavushaji wa nyuki unaongeza uzito wa tunda kama asilimia 7. Hiyo ni kazi ya bure, ila viumbe hao wanataka mahali pa kulala na chakula cha mwaka mzima, aina moja ya mti haiwezi kuwapa.

Kwahiyo kiza kikizidi tupogoe, kivuli kibaki kama asilimia 30 mpaka 40. Shida ni gharama, kumpata kijana wa kupanda mruka wa babu na panga sio bei ndogo, na kuukata mpaka ufuate kibali, ndio maana wengi hawataki tena kupanda miti ya asili. Mimi naona mche wa kahawa wa ruzuku usitolewe peke yake, uambatane na miche ya mruka na mringaringa, na hela ya kupogoa itoke kwenye makato ambayo chama cha ushirika kinatukata tayari.

Wa Mbinga, Mbozi, na nyie wa Kagera wenye robusta kwenye vibanja, kwenu kupogoa analipia nani? Na sheria ndogo ya kijiji ikisema hakuna kuangusha mti wa kivuli mpaka uwe umepanda mwingine, mtaiunga mkono au mtaona mnaingiliwa kwenye shamba la baba zenu?