Gemu za maisha: shida ziwemo au zisiwemo?

Wakuu, nacheza The Sims 4, gemu ya kuendesha maisha ya watu wa kubuni, hapa Mbagala. Usipolipa bili, umeme na maji vinakatwa, basi. Dalali hayupo, kodi ya miezi sita kwa mkupuo haipo. Mnaonaje, waongeze ugumu?

— Ugumu wa nini tena? Nimetoka kugombania daladala Kariakoo, nimening'inia mlangoni mpaka Tandika, halafu nikae nicheze foleni? Naandika "motherlode", ile kodi ya kuchakachua, naingiziwa 50,000 za hela ya humo, najenga ghorofa. Niacheni.

— Mkuu hapo juu, ukishajenga ghorofa unafanya nini? Unazima kompyuta. Utamu uko kwenye kubana matumizi.

— Naunga mkono, ila kuuguza mzazi wasiweke, hilo silitaki hata kwenye gemu. Kwangu umeme wa LUKU ukiisha kabla sijasevu inatosha kabisa.