Coaster ya kuishi inashuka Mikindani: nizuieje kutu ya upepo wa bahari?

Nzovwe79 (Mbeya)

Wakuu, habari za leo. Nina Coaster ndefu iliyogeuzwa nyumba: vitanda viwili, jiko la gesi, friji, betri mbili, na paneli mbili za sola za wati 200 kila moja juu ya paa. Bodi ni bati, ila ubavuni imeongezwa vipande vya alumini vilivyofungwa kwa skrubu. Mwishoni mwa Septemba inashuka Makambako, Njombe, Songea, Tunduru, Masasi hadi Mikindani, pwani ya Mtwara, na itakaa mwaka mzima kwenye kiwanja kilicho kama mita 120 kutoka majini.

Huku Mbeya kutu haisumbui. Fundi mmoja anashauri tupulize oili chafu chini ya gari lote. Wa pili anataka andakoti (rangi nzito ya kukinga chini ya gari), ile nyeusi ya lami. Wa tatu anasema nishone turubai la kulifunika lote. Nina wiki tano. Nifanye lipi nikiwa huku, na lipi nikishafika?

FundiBodi_Uyole

Ndugu Nzovwe79, hayo matatu yaweke pembeni kwanza tuelewane adui ni nani. Chumvi inayokuja na upepo wa bahari inavuta unyevu wa hewani. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu ukifika asilimia 75 hivi, na ndani ya chumvi ya bahari kuna kloridi ya magnesiamu ambayo huvuta maji hata unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Pwani hewa haikauki kiasi hicho. Kwa hiyo bati lenye chumvi linalala limelowa kila siku, hata kama mvua haijanyesha mwezi mzima. Kazi kubwa ni kuitoa chumvi kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Rangi na nta vinakupa muda tu kati ya kuosha na kuosha.

Oili chafu inavimbisha bushi na mipira ya chini, inashika mchanga, mvua mbili tatu inaondoka, na inachuruzika ardhini ulipolala. Ikifika kwenye ngoma za breki umepata tatizo kubwa kuliko kutu. Andakoti ya lami ikipakwa juu ya kutu inapasuka, maji ya chumvi yanaingia nyuma yake, na bati linaoza ukiwa unaona weusi safi. Andakoti nzuri juu ya praima (rangi ya kwanza) safi haina ubaya, lakini kwa gari kama hilo mimi naona ni bora uache sehemu ya chini ionekane, ili kutu ikianza uione.

Utaratibu ni huu. Osha chini kwa presha, toa grisi kwa sabuni ya mafuta, suuza, acha likauke siku mbili juani. Brashi ya waya peke yake inang'arisha kutu bila kuiondoa, kwa hiyo magamba yagonge kwa nyundo, pitisha grainda ya diski ya msasa, malizia kwa msasa namba 80. Kwenye vishimo ambako msasa haufiki paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, fuata muda ulioandikwa kwenye kopo, futa mabaki yote, kausha. Halafu praima ya epoksi ya kuchanganya makopo mawili, mikono miwili, yaani upake mara mbili. Chesi, sakafu na matao ya matairi ya Coaster vinafika kama mita 25 za mraba. Lita moja, ukihesabu na inayopotea, inafunika mita 5 hivi za mraba, kwa hiyo lita 10 kwa mikono miwili. Juu yake rangi ya kumalizia.

Sasa la kwetu huku: epoksi haikauki vizuri chini ya nyuzi 10, na usiku wa Mbeya msimu huu unashuka hadi huko au chini zaidi. Asubuhi bati lina umande usiouona. Paka kuanzia saa nne asubuhi, acha saa nane mchana. Kipimo rahisi: futa bati kwa kitambaa kibichi, alama ya maji ikichukua zaidi ya robo saa kukauka, usipake. Ila kiangazi hiki ndicho faida yako kubwa. Mikindani hutapata bati kavu lisilo na chumvi kama hili, na chumvi ikifungiwa chini ya rangi inatoa malengelenge ndani ya miezi michache. Kazi ya rangi iishe huku juu, kabla gurudumu halijagusa Makambako.

Mwisho, ndani ya mihimili ya kiboksi, milango na ngazi ya abiria, puliza nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu wenye pua ya kutawanya pande zote. Lita 5 hadi 6. Kabla ya hapo zibua matundu ya kutolea maji, na baada ya hapo yazibue tena, kwa sababu nta yenyewe huyaziba. Coaster huoza zaidi kwenye ngazi, matao ya magurudumu ya nyuma, mfereji wa paa na chini ya mipira ya vioo. Hapo usione aibu kutoa kioo ukaangalie.

Alumini_Mafinga

Naongezea kwenye ule ubavu, maana hapo ndipo nina wasiwasi. Alumini juu ya bati la chuma, na skrubu za stenlesi, ni metali tatu. Zikiunganishwa na maji ya chumvi zinakuwa kama betri, na inayoliwa ni alumini. Dalili ni unga mweupe na rangi kuvimba kuzunguka vichwa vya skrubu.

Fungua skrubu moja moja. Safisha tundu, paka praima kwenye ukingo wake, weka washa ya nailoni chini ya kichwa, chovya mkia wa skrubu kwenye silanti (gundi ya kuzibia) ya poliuretani kisha rudisha. Kati ya alumini na bati pitisha utepe wa butili. Stenlesi chukua daraja la 316, kwenye boliti huandikwa A4. Ile ya kawaida ya 304, au A2, pwani inatoa madoa ya kahawia. Skrubu za kuezekea zenye zinki ya njano usiziguse.

Jambo linalokosewa sana: silikoni yenye harufu ya siki. Inapokauka inatoa asidi ya siki, na asidi hiyo inakula chuma, zinki na shaba chini yake. Kwenye dirisha la paa na miguu ya paneli tumia poliuretani au silikoni isiyo na harufu hiyo.

Umeme_Ipogolo

Kamwene wakuu. Kwenye umeme, chumvi haikati waya, inaongeza ukinzani. Taa zinafifia, pampu inachoka, friji inazima kwa volti ndogo, na mtu ananunua betri mpya bila sababu. Angalia nyaya za ethi kwanza. Kila ethi ing'oe, piga msasa bati mpaka ling'ae, funga, kisha paka grisi *juu* baada ya kufunga.

Nyaya mpya ziwe za boti, zile za shaba ambayo kila uzi umepakwa madini ya bati (tin). Shaba tupu inageuka nyeusi ndani ya plastiki hadi mkono mzima kutoka kwenye kiungo. Kiungo kibanwe kwa koleo la kubania terminali, kisha kivalishwe mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Kusokota na kuzungushia tepu, sahau. Kwenye nguzo za betri vazelini inatosha kabisa. Boksi la fyuzi lihamie ndani, juu, mbali na dirisha.

Paneli: plagi zisizotumika zifunikwe vifuniko vyake, na zinazotumika zisining'inie kwenye paa zikalala ndani ya maji. Kioo kioshwe asubuhi kikiwa baridi, kwa maji na kitambaa laini. Utando wa chumvi unapunguza mwanga, na unashika vumbi.

Nzovwe79

Ndaga fijo, wakuu. Maswali matatu yamebaki. Turubai mmeliweka pembeni, je banda la makuti? Pili, kiwanjani kuna kisima, naweza kuoshea maji yake? Tatu, litakaa wiki nzima bila kuwashwa, breki zitaganda?

Breki_Tukuyu

Kaka, turubai linapigapiga rangi kwa upepo mpaka inachubuka, na unyevu unafungiwa ndani. Banda lina ubishi. Linazuia jua, ambalo linaua mipira na matairi, hilo ni zuri. Lakini mvua ndiyo muoshaji wa bure, na chini ya paa haifiki wakati upepo wa chumvi unafika. Sehemu zisizofikiwa na mvua huoza kuliko zilizo wazi, ndiyo maana chesi hufa kabla ya paa. Ukijenga banda, kuosha si hiari tena: mara moja kwa wiki, na siku ileile baada ya upepo mkali. Hata mita chache za umbali ni muhimu. Chumvi nyingi huanguka ndani ya mita mia chache za mwanzo, kwa hiyo kama kiwanja kinaruhusu, rudi nyuma kabisa, nyuma ya nyumba au mikorosho. Kusi na kaskazi zote kule zinatoka upande wa bahari. Matundu ya friji na ya gesi yaelekee bara.

Kisima uwe mwangalifu sana. Visima vya karibu na ufuo huingiwa na maji ya bahari, hasa kiangazi. Onja: ulimi ukihisi chumvi, kloridi imeshazidi miligramu 250 hivi kwa lita, na hayo usiyapige gari. Utakuwa unaongeza ulichokuja kuondoa. Kinga maji ya mvua kwenye tanki la lita 1,000, ila mvua ya kwanza baada ya ukame iache imwagike, maana inaosha chumvi iliyotua kwenye mabati ya nyumba. Lita 150 zinatosha Coaster nzima ukianzia chini: matao, chesi, nyuma ya tangi la mafuta, halafu ubavu, paa mwisho, kisha suuza chini tena. Chini tumia mpira wa bustani wenye kichwa cha kupuliza juu. Presha kubwa usielekeze kwenye sili za beringi wala mapezi ya radieta na kondensa ya AC.

Breki zitaganda, ndiyo, kama utaacha hendibreki imevutwa. Gari kwenye tambarare, gia ndani, vigingi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu mawili, hendibreki chini. Kila wiki liendeshe kilomita 10 hadi 15 mpaka ekzosi iwe moto kweli. Kuwasha dakika tano na kuzima kunaacha maji ndani ya ekzosi na kwenye oili, ni vibaya kuliko kutowasha. Pini za kalipa za breki zipakwe grisi ya silikoni, si grisi ya beringi, inayovimbisha mpira. Mafuta ya breki badilisha kabla ya kushuka. Paipu za breki zichunguze pale zinapopita kwenye klipu za chesi, ndipo zinapotoboka. Kama ni za kubadilisha, weka za aloi ya shaba na nikeli.

Matema_Beach

Samahani kuingilia. Gari kama hilo likikaa Matema linahitaji haya yote?

FundiBodi_Uyole

Hapana. Ziwa Nyasa ni maji baridi. Praima, matundu wazi na hewa ndani vinatosha, chumvi haipo.

Nzovwe79, kwa wiki tano zako: ya kwanza kuosha na kutoa vioo na skrubu, ya pili na ya tatu kutu na epoksi, ya nne umeme na breki wakati rangi inakomaa, ya tano nta. Na mtungi wa gesi usikae juu ya sakafu ya bati. Uweke juu ya vipande vya mbao ili pete ya chini ipate hewa, regyuleta iwe mpya, na povu la sabuni kwenye viungo kila mwezi. Tundu la sakafuni la kutolea gesi lisizibwe na nta wala silanti hata kidogo, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hiyo ndiyo njia yake pekee ya kutoka.