Minara ya 5G na afya zetu: tumwamini nani?

Mwanzisha mada

Naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Mwezi Aprili 2020 minara ya simu ilichomwa moto nchini Uingereza na watu walioamini kwamba 5G, yaani mtandao wa simu wa kizazi cha tano, ndiyo iliyoleta Korona, imani ambayo haikuwa na msingi wowote. Hata hivyo, miaka tisa kabla ya hapo, yaani Mei 2011, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Sasa mtu wa kawaida ashike lipi? Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mwalimu wa Fizikia

Methali hiyo isiwe ushahidi. Kinachotuponza ni neno "mionzi", kwa sababu tunalitumia kwa eksirei, kwa jua na kwa simu, kana kwamba vyote ni kitu kimoja. Eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi na kwa njia hiyo kuharibu chembe za urithi. Mawimbi ya 5G, yawe ya megahetsi 700 au ya gigahetsi 26, yana nguvu ndogo mno kuliko hata mwanga tunaouona kwa macho. Linalojulikana kwa hakika ni kwamba yakizidi hupasha mwili joto, na ndiyo maana mwongozo wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya wanasayansi wa kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, uliopitiwa upya mwaka 2020, unaweka kikomo cha nguvu inayofyonzwa na mwili mzima wa raia kuwa wati 0.08 kwa kila kilo, ambacho ni sehemu moja ya hamsini ya kiwango kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa madhara. Ama kundi la 2B, kahawa nayo ilikuwamo kuanzia 1991 hadi 2016. Nimeyaeleza haya mara nyingi, lakini asiyejua maana haambiwi maana.

Mama wa Watatu

Mwalimu, shikamoo, lakini hapo umenikosea. Dirisha la chumba wanacholala wanangu linatazamana na mnara ambao ulisimikwa bila mtu hata mmoja kutubishia hodi. Nilipokwenda kuuliza, nilijibiwa kwa sauti hiyohiyo uliyoitumia wewe, ya mtu anayemwona mwenzake hana akili. Kahawa mtu huinywa kwa hiari yake. Mnara huu sikuuchagua. Isitoshe, mwaka 2018 watafiti wa serikali ya Marekani walitangaza kwamba panya dume waliopigwa na mawimbi ya simu walipata uvimbe wa saratani moyoni. Nao pia hawajui maana?

Mwalimu wa Fizikia

Marahaba. Panya wale walipigwa na mawimbi ya 2G na 3G, mwili mzima, saa tisa kwa siku, hadi miaka miwili, na kiwango cha chini kabisa walichopewa kilikuwa wati 1.5 kwa kilo. Ulinganishe na ile 0.08 niliyoitaja. Tena waliopigwa waliishi muda mrefu kuliko wale ambao hawakupigwa, jambo ambalo wanaoutaja utafiti huo huliruka. Kuhusu methali, niliwalenga wachoma minara.

Mama wa Watatu

Hakuna aliyechoma mnara hapa. Uliyekuwa ukimjibu ni mtu aliyeuliza swali.

Fundi wa Antena

Nimepanda minara kwa miaka mingi, naomba niseme ninayoyajua kwa mikono yangu. Antena humulika mbele kama tochi, kwa hiyo anayekaa chini kabisa ya mnara mara nyingi hupata kidogo sana. Hatari iko juu kule, uso kwa uso nayo. Kabla sijapita mbele ya antena huomba izimwe, na kifuani huvaa kifaa kidogo kinacholia iwapo mawimbi yamezidi.

Mama, kwa watoto wako ningeanza na simu. Iliyo sikioni au chini ya mto iko karibu mno kuliko mnara wowote, na mtandao unapokuwa dhaifu simu huongeza nguvu ili isikike mbali. Hata hivyo mwalimu asidhani kwamba vikomo hujilinda vyenyewe. Septemba 2023 mamlaka ya masafa ya Ufaransa iliipima iPhone 12 ikiwa imegusana na mwili, kama mtu anavyoishika mkononi, ikakuta wati 5.74 kwa kilo ilhali kikomo cha kiungo kama mkono, ambacho si kile cha mwili mzima, ni 4. Uuzaji ukasitishwa hadi programu yake iliporekebishwa. Bila kipimo hicho, sote tungeendelea kubishana.

Mwalimu wa Fizikia

Hilo nalikubali. Naongeza tu kwamba mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa mwaka 2024, yaliyokusanya tafiti 63, hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Na mama, neno langu la kwanza lilikuwa kali kupita kiasi. Naliondoa.

Mama wa Watatu

Nimelipokea. Lakini fundi, kile kifaa chako cha kifuani, nani amewahi kuja na cha namna hiyo chini ya dirisha langu? Mwalimu ananiambia kikomo ni kipi, nami namwamini. Sijaambiwa chumbani kwa wanangu kuna kiasi gani.

Mwanzisha mada

Niliuliza kama 5G ina madhara, na sasa naona swali limekuwa nani anapima na majibu yanabandikwa wapi. Fundi, kazi hiyo huchukua muda gani?

Fundi wa Antena

Si mrefu. Kipimo husimamishwa kwenye miguu mitatu, kikaachwa kisome. Kwa mwili mzima, mwongozo wa 2020 unataka wastani wa dakika 30.

Mama wa Watatu

Dakika thelathini. Ningewafungulia mlango, nikawatolea kiti, nikakaa nao mpaka mwisho.